Picha Isiyo na Mletaji

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, ni fundi wa kutia picha kwenye fremu. Mikono yake haikosi gundi, na mdomo wake haukosi mzaha. Ndiye aliyeombwa kutundika picha za mnada wa hisani, ule wa kuwachangia watu wa kujitolea wanaozunguka majumbani kuwaogesha na kuwapikia wasio na mtu.

Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kila Alhamisi alikwenda kwa bibi mmoja aliyeishiwa nguvu za miguu, aliyeishi peke yake kwenye chumba cha uani, mitaa miwili kutoka ukumbi wa mnada. Lakini maandalizi ya mnada yakambana. Alhamisi ya kwanza ikapita, na ya pili. “Bibi hana neno,” alijisemea. “Ataelewa.”

Jumamosi asubuhi alihesabu picha alizotundika, akakuta imezidi moja. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya mafuta, haina jina la mchoraji wala la aliyeileta. Ilionyesha chumba kama unakitazama kutoka juu ukutani: kitanda cha chuma, ndoo ya bluu, pazia lililofungwa fundo. Fundi alilijua lile fundo. Alilifunga mwenyewe.

Kitandani alikaa bibi, uso umeelekea mlangoni.

“Hii kaileta nani?” alimuuliza mwenyekiti wa kikundi.

“Si wewe?” Mwenyekiti akapita na viti vyake.

Mnada ulianza saa nne. Watu walicheka, dalali akapaza sauti, picha ya maua ikagombewa. Fundi akaitupia jicho ile ndogo.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Akasogea. Bibi alikuwa sakafuni, amelala kifudifudi, mkono mmoja mbele. Fundi akafikicha macho. Akamvuta mwenyekiti.

“Unaona nini hapo?” alinong’ona.

“Chumba,” mwenyekiti alisema. “Chumba kitupu. Una homa?”

Fundi akatazama tena. Mkono ulikuwa umefika kizingitini.

Alitoka mbio, aproni kiunoni. Uani alimkuta jirani wa bibi akianua nguo.

“Bibi yuko?”

“Si ulikuja juzi?” jirani aliuliza. “Nilisikia ukuta unagongwa, nikajua ni wewe unamtengenezea kitu.”

Mlango ulikataa. Kulikuwa na kitu kilichouzuia kwa ndani. Waliusukuma polepole, wote wawili. Walijua ni nini.

Bibi alikuwa hai. Midomo imepasuka kwa kiu, kucha zimejaa vumbi la sakafu. Fundi akamwinua kichwa, akamlowesha ulimi kwa kitambaa. Jirani alikimbia kutafuta gari.

“Nisamehe, bibi. Nimechelewa.”

Bibi akamtazama.

“Hukuchelewa, mwanangu,” alisema. “Ulikuwepo. Tangu asubuhi ulikuwa pale juu, unanitazama.” Akameza mate kwa shida. “Nimekuita sana. Mbona hukushuka?”

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Gari lilipofika, alikuwa amekata roho.

Ukumbini, mwenyekiti aliapa kwamba hapakuwa na picha ile tena, na hakuna aliyeinunua. Msumari ulikuwepo, mtupu.

Baada ya mazishi walirudi kusafisha chumba, yeye na yule jirani. Kwa mara ya kwanza fundi akainua macho kuutazama ukuta ulio mkabala na kitanda. Juu kabisa, karibu na dari, pasipofikiwa bila ngazi, palikuwa na alama mbili za viganja, na katikati yake duara la paji la uso, kama la mtu aliyejiegemeza kwenye kioo. Jirani alipanda na kitambaa, akasugua mpaka akachoka. Uchafu haukuwa juu ya chokaa. Ulikuwa ndani yake.

Chumba kimepakwa rangi mara tatu. Wapangaji hawakai.