Fimbo ya Ardhi na Migomba ya Kokuberwa

Kila asubuhi Kokuberwa alimwaga maji ya vyombo kwenye migomba yake, nyuma ya bafu. Migomba ile aliileta kutoka kwao Bukoba, kwa meli na gari moshi, mpaka Temeke. Auleria, mke wa mwanawe, alimbebea ndoo ingawa alikuwa mjamzito. Kokuberwa hakuwa na binti. Moyoni alimshukuru Mungu kwa huyu.

Mwaka ule wa 1955 waliingiziwa umeme. Gozbert, mwanawe, karani wa bandari, alimnunulia mkewe pasi ya umeme ili apumzike na moshi wa mkaa.

Siku moja Auleria alikuwa akipiga pasi, miguu mitupu, juu ya sakafu yenye unyevu. Ghafla alipiga kelele, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mama! Pasi imenirusha!"

Kokuberwa alimshika. "Na mtoto je?"

"Anacheza, mama. Anacheza."

Gozbert aliichomoa pasi ukutani, akamkimbilia jirani yao Kutbuddin, fundi wa umeme. Kutbuddin alikuwa mezani. Aliacha chakula chake, akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tutazamie."

Kutbuddin aliikagua pasi. "Waya umechubuka ndani, ukagusa chuma. Lakini fyuzi ingepaswa kukatika. Kwa nini haikukatika? Fimbo ya ardhi iko wapi?"

Gozbert alimwonyesha fimbo ya chuma, chini ya ukingo wa paa, kwenye mchanga mkavu.

"Mie niliipigilia kule kwenye migomba. Nani kaihamisha?"

Gozbert alitazama miguu yake. Kokuberwa akasema, "Nilimwomba mimi. Niliogopa umeme utaunguza mizizi, halafu tule ndizi zenye shoti."

Kutbuddin alicheka, lakini kwa upole. "Mama, siku zote fimbo ile imelala tu. Inafanya kazi siku ya hitilafu. Umeme ukitoroka kwenye waya, hutafuta ardhi. Njia ikiwa nyembamba, unapita kidogo, fyuzi haishtuki, na pasi inabaki na umeme. Njia ikiwa pana, unapita kwa wingi, fyuzi inakatika hapo hapo."

"Utaijuaje njia kama ni pana?"

"Kwa kupima."

Alizima swichi kubwa, akafungua waya wa fimbo, akaunganisha kipimo chake chenye mshale.

"Omu mia mbili na zaidi," alisema. "Omu ni kipimo cha ugumu wa njia. Namba kubwa, njia mbaya. Kwa fyuzi ndogo ya nyumba hii nataka kumi au chini yake. Nyumba yenye fyuzi kubwa hutaka namba ndogo zaidi. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Udongo wenye majimaji unapitisha."

Kokuberwa aliangalia migomba yake, kisha tumbo la Auleria.

"Irudishe kule, baba. Hata mgomba ukifa."

"Haufi, mama. Wewe endelea kumwagia maji tu."

Kutbuddin alipigilia fimbo ndefu kwenye udongo mweusi. Mshale ulionyesha kumi na nne.

"Si imeshuka?" aliuliza Gozbert.

"Imeshuka, haijatosha. Kiangazi udongo ukikauka, itapanda tena."

Aliongeza fimbo ya pili mbali kidogo na ya kwanza, akaziunganisha. Mshale ukatulia kwenye saba.

"Hapo sawa. Nitakuja kupima tena kiangazi. Na nyie msiziguse fimbo."

"Hatuzigusi," alisema Gozbert haraka. Auleria akacheka. Kutbuddin akabadilisha waya wa pasi kabla ya kuondoka.

Kiangazi kilipofika, Kutbuddin alikuja kama alivyosema. Mshale ulionyesha tisa. Auleria alikuwa na mtoto mgongoni.

Baadaye panya alitafuna waya wa pasi mpaka ukagusa chuma, na hakuna aliyeona. Auleria alipowasha swichi ya pasi, palisikika mlio mdogo, taa ikazimika. Fyuzi ilikuwa imekatika. Auleria alikuwa hajaigusa pasi bado. Alisimama pale, mzima, mtoto amelala mgongoni.

Kutbuddin alikuja kutengeneza. Kokuberwa alikuwa amemkatia mkungu mzima wa ndizi.

"Hazina shoti, mama?"

Kokuberwa alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

"Tunazila kila siku, baba," alisema. "Na anayezimenya ni Auleria."