Mgomba Uliovikwa Kanga

Jua lilikuwa limeshaegemea mikarafuu Thuraiya alipoiacha lami ya Mtambile na kuingia njia ya vumbi. Kazi iliyompeleka ilikuwa ndogo: kuipima kona, kuona kama dereva aweza kumwona mapema mtu anayevuka, kisha kurudi mjini Chake kabla giza halijashika. Kesho yake mteja wake angesimama kizimbani.

Mteja huyo ni Haroub, dereva wa gari la mizigo. Alishtakiwa kumgonga Bi Mize, bibi wa kijiji kile, akamwacha njiani na kuondoka pahala pa ajali bila ya kutoa taarifa. Bi Mize alikutwa alfajiri, amekwisha kuwa baridi. Haroub akitiwa hatiani ni jela, na nyumbani ana watoto wanaomtazama yeye tu.

Mchana ule, Thuraiya alikuwa amekwenda kumwona rumande.

"Sema uliogopa kupigwa," alimwambia. "Sema ulikuwa ukenda polisi, hofu ikakuzidi. Hofu mahakama inaijua."

"Sikuogopa mtu mie. Nilishuka, Bi Thuraiya. Nikamulika. Mgomba... kigogo cha mgomba, kimevikwa kanga. Nikakivuta pembeni kwa mikono yangu."

"Na hakimu nimwambie mteja wangu kagonga ndizi?"

Haroub hakucheka. Alinyoosha mkono wa shati lake, wenye doa. Utomvu wa mgomba ukikauka hugeuka rangi ya damu kongwe, na hakuna sabuni inayouondoa.

"Walitoka wazee watatu msikitini," alisema. "Wakaniambia nende, hapana mtu hapa. Watafute wazee hao."

Ndiyo maana, kabla ya kuifikia kona, Thuraiya alisimama kwenye duka la Kificho, akajitambulisha na kuulizia msikiti huo.

"Msikiti wa konani?" Kificho alikuwa akipima sukari, mkono wake ukasita hewani. "Hausaliwi ule."

"Kwa nini?"

"Wee mgeni, ee? Tangu vije vyama vingi, hapa ni huku na kule. Hatuamkiani, hatuuziani, hatuzikani. Upande huu umejenga msikiti wake, upande ule wake. Ule mkongwe tuligombea nani awe imamu, mpaka ukatiwa kufuli." Akamsogezea chupa ya maji. "Pima kona yako, wakili, ukishamaliza uende. Maghribi isikukute pale."

Ikamkuta.

Alikuwa akikunja futi yake adhana ya kwanza ilipopanda, upande wa mashamba. Ya pili ikaifuata, upande wa bondeni, kwa sauti kubwa zaidi, kama inayotaka kuizima ile ya mwanzo. Zote mbili zikanyamaza. Wadudu nao wakanyamaza.

Thuraiya aliingia garini, akawasha taa, akaikata kona polepole.

Dup.

Si kishindo kikubwa. Kishindo cha kitu laini, kizito...

Alikanyaga breki. Alijua vizuri sheria inamtaka afanye nini: simama, shuka, saidia. Akashuka.

Mbele ya taa, kilikuwa kimelala.

Kigogo cha mgomba.

Kimevikwa kanga, tena kwa adabu, kama anavyofunikwa mtu aliyelala. Harufu ikampiga puani: udi, na chini ya udi karafuu maiti, ile inayonukia pale mtu anapooshwa mara ya mwisho. Aliinama akakishika ili akivute pembeni.

Kilikuwa vuguvugu.

Akakiachia. Utomvu ulikuwa umemtiririkia kwenye mkono wa blauzi yake nyeupe, mpaka kiwikoni. Alisoma Ayatul Kursiyu, akakosea katikati, akaanza upya.

"Nenda zako, mwanangu. Hapa hapana mtu."

Walikuwa wamesimama kizingitini mwa msikiti mkongwe. Wazee watatu, kanzu nyeupe, kofia za kiua. Hakusikia mlango kufunguka. Hakusikia hatua.

Na badala ya kukimbia, Thuraiya alifanya kosa ambalo wakili peke yake angelifanya. Alifurahi. Mashahidi wa Haroub hawa hapa, wazima, na ndimi zao vinywani.

"Shikamoo wazee wangu. Nyinyi ndio mliomwona yule dereva?"

"Tulimwona."

"Alishuka?"

"Alishuka. Akakiona kama unavyokiona wewe."

"Basi kesho njooni mahakamani, Chake. Mkaseme haya haya."

Wakatazamana. Aliyekuwa katikati akanong'ona, "Sisi hatwendi mahali mpaka tuitwe."

"Nitawaita mimi."

"Na weye... wa upande gani?"

Alizoea kuulizwa hivyo. Kila nyumba ya Pemba miaka ile ilikuwa na swali hilo mlangoni, kabla ya karibu. Jibu lake lilikuwa moja siku zote, na alilitoa kwa fahari.

"Sina upande mie. Mie wakili."

Wazee walimtazama tu... wakamtazama kama watu waliohangaika kutafuta kitu, na sasa wamekiona.

Alirudi garini kinyumenyume. Alipokizunguka kigogo na kuondoa gari, akatupa jicho kwenye kioo. Mlango wa msikiti ulikuwa umefungwa. Kufuli lake limeota kutu, na mlango wote, juu mpaka chini, umetambaliwa na majani.

Hakulala. Aliisugua blauzi kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Doa lilizidi kukoza. Na kwa kuwa hakuwa na nyingine safi ya mahakamani, asubuhi aliivaa ile ile, akaificha chini ya joho.

Kificho alikuwa akimngoja nje ya mahakama, macho mekundu.

"Mzee Vuai," alisema. "Mjomba wangu. Kakutwa maiti alfajiri, pale pale konani. Wanasema gari." Alishusha sauti. "Bi Mize alikuwa wa upande ule, wakamzika peke yao. Mjomba ni wa kwetu, tutamzika peke yetu. Nyuma ya msikiti ule mkongwe wamelala wazee waliokufa ugomvi ulipokuwa moto, wakasaliwa na watu wa kuhesabika. Bibi yangu akisema hawatulii. Wanatafuta maiti mmoja ambaye kijiji kizima kitamzika."

"Maiti gani huyo?"

Kificho alimtazama mkono, pale joho lilipojikunja.

"Asiye na upande," alisema.

Ndani, kesi ilitajwa. Haroub alikuwa kizimbani, amekonda. Thuraiya aliinuka. Angeweza kusema mteja wake aliogopa kupigwa. Mahakama ingeelewa, adhabu ingepungua, na yeye angerudi nyumbani, wala hakuna ambaye angejua kuwa jana usiku na yeye aliondoka pahala pa ajali. Mdomo wake ulishafunguka kuyasema hayo. Kisha Haroub akaliona doa.

"Na wewe ulishuka," alinong'ona. Macho yake yakajaa maji. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwamini.

Thuraiya alivua joho lake, akalilaza mezani.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba kujitoa katika uwakili wa kesi hii. Nataka kuwa shahidi. Mteja wangu hakukimbia. Alishuka, na alichokiona ndicho nilichokiona mimi jana, pale pale, kwa macho yangu."

Ukumbi ukavuma. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Yuko mtu mwengine aliyekuona huko, Bi Thuraiya? Una shahidi?"

Harufu ikaja kabla hajageuka. Udi. Na chini ya udi...

Benchi la nyuma lilikuwa tupu walipoingia. Sasa limekaliwa. Kanzu nyeupe, kofia za kiua, mikono juu ya magoti kwa utulivu wa watu wasio na haraka. Waliokaa mbele yao walikuwa wakijikunyata, wakizivuta shuka zao mabegani bila ya kujua kwa nini.

Wakiitwa, Haroub atakwenda kwa watoto wake, nao watampata maiti wao asiye na upande. Wakiitwa.

"Usiwaite," Haroub alinong'ona. "Bi Thuraiya, mie nifungwe. Usiwaite."

Hakimu alikuwa akingoja. Karani alishafika mlangoni, tayari kunadi majina.

"Niite nani, wakili?" aliuliza.

Thuraiya hakuwa amesema neno. Lakini jana alikuwa ameshaahidi, na yule mzee wa katikati alikuwa ameanza kuinuka.