Nusu ya Ubao Niliyomsomea Dada Spéciose

Nilimtafsiria dada Spéciose uongo akiwa amelala kwenye theluji, goti limevunjika.

Wapendwa, someni hadi mwisho ndipo mnihukumu.

Mimi ni Nsimire, naishi Granville, huku ughaibuni. Nina miaka hamsini na mmoja, na kila Jumanne jioni nasoma Kiingereza. Kanisani kwetu barua zote za serikali naletewa mimi nisome. Nikajiona mtu.

Julai, ambayo huku ni majira ya baridi, kikundi chetu cha maombi kilienda kwenye milima ya theluji, mwendo wa saa sita kwa basi. Sisi wa Bukavu tukiona mlima, tunataka kupanda tuombe.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, wenzetu wakiwa bado wamelala, mimi na Spéciose, kiongozi wetu wa maombi, tulifika chini ya mteremko wa ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Palikuwa na ubao, na juu yake taa nyekundu ikiwaka na kuzima.

"Dada Nsimire, ubao unasema nini?"

"Wanaopanda kwa miguu wapite pembeni."

"Na hiyo taa?"

"Ya watu wa ski. Sisi haituhusu."

Akaupiga ubao picha, awaonyeshe watoto wake.

Lakini ubao ulisema pia: taa ikiwaka, hakuna kupanda kabisa. Mashine ya kusawazisha theluji iko kazini, imefungwa kwa kamba ndefu ya chuma.

Nilisoma yote. Nikaelewa yote.

Ila nilikuwa nimewaahidi wenzetu kwamba tutawaombea tukiwa kileleni...

Tulipanda tukiimba. Kamba ilikuwa imefunikwa na theluji, hatukuiona. Mara mashine ikaivuta, ikakazika, ikamrusha Spéciose.

Mlinzi wa mlima alikuja mbio.

"Nani alisema mnaweza kupanda?"

Spéciose hajui Kiingereza. Akanitazama.

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama unaumia sana."

"Mwambie Mungu yupo."

Nikamgeukia mlinzi.

"Anasema ni yeye. Alinilazimisha."

Jina lake likaandikwa, akapigwa marufuku kurudi kule. Habari zikamfikia mchungaji wetu Moïse. Akamvua uongozi wa maombi bila kumuuliza... akanipa mimi.

Wiki saba niliongoza. Kila nikisema "Baba", nilimwachia mwingine amalizie.

Jumanne iliyopita naingia darasani, nani amekaa mbele na magongo yake?

"Dada, na wewe?"

"Nimechoka kusomewa. Mwalimu kasema tulete maandishi tunayotaka kuyaelewa."

Akafungua simu. Ile picha ya ubao.

Mwalimu akaanza kumwelekeza neno la kwanza. Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Dada, ngoja. Siku ile niliusoma wote. Hata taa niliielewa. Na mlinzi nilimwambia ni wewe uliyenilazimisha."

Akaiweka simu mezani.

"Kwa hiyo hakuuliza kama naumia."

"Hapana."

Akavuta kiti cha pembeni yake.

"Kaa. Nisomee sasa. Mwalimu akuangalie usiruke mstari."

Nilisoma nikilia. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikasema yote. Spéciose amerudishiwa nafasi yake. Juzi aliomba, akataja majina yetu mmoja mmoja, na langu alilitaja. Lakini tukitoka ananiita Nsimire tu. Neno dada hanipi tena.

Wapendwa, anayekuomba umsomee amekukabidhi mwili wake. Msomee yote, hata mstari unaokurudisha nyumbani. Mimi nilitaka kufika kwa Mungu haraka, nikapita juu ya mtu.