N ya Ndiyo

Mambo haya yalimkuta Aliko, mtoto wa jirani yetu pale Igamba. Mama yake angali hai, na mwenye shaka aende akamuulize, ila amuulize kwa staha.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Ilikuwa Jumamosi, ukungu wa asubuhi umekwisha kupanda, na Aliko alikuwa chumbani kwake Vwawa, chai ya maziwa mkononi na kompyuta mapajani. Siku za kazi alishughulikia mitambo ya wakala mmoja wa forodha Tunduma. Jumamosi ilikuwa ya Fagio.

Fagio ni programu. Haina picha wala madoido. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi, nayo inatafuta mafaili ya zamani na yale mazito, inakuuliza moja baada ya jingine, na ukikubali inayafuta. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi mtandaoni: yeyote ausome, yeyote aurekebishe. Watu wa nchi mbalimbali wasiojuana hata kwa sura huitunza kwa kujitolea. Mtu akiona kasoro anaiandika kwenye ukurasa wa taarifa, mtunzaji mmoja anaitengeneza, anaeleza alichobadilisha, na jina lake linabaki pale kwa wote kuliona. Jina la Aliko lilikuwa pale mara nyingi, na tusimfiche, alilipenda.

Kilichomvimbisha kichwa zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyeifundisha Fagio Kiswahili. Badala ya kuuliza kwa Kiingereza, ikawa inauliza: "Nifute? (n/h)". N ya ndiyo, H ya hapana. Alipoiweka kwenye ile kompyuta chakavu ya kikundi cha wakulima wa kahawa cha kwao Igamba, wazee walimpigia makofi. Mtoto wetu, walisema, ameileta mashine nyumbani.

Kabla chai haijapoa, simu ikaita. Alikuwa Leah, karani wa kile kikundi.

"Kaka Aliko," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Lile neno la Mzee silioni."

Hapo inabidi nieleze. Mzee Yonathani, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa amezikwa siku chache tu zilizopita. Miaka ya nyuma binti yake Enesi aliolewa upande wa Zambia bila kumuaga baba, na Mzee kwa hasira akatamka mbele ya ukoo kwamba asikanyage tena kwake, wala tumbo lake lisijue raha. Huku kwetu neno la mzazi si upepo. Mimba za Enesi zikawa zinaharibika, na kila mtu alijua sababu. Mzee alipoona siku zake zinaisha, alikwenda ofisini akamwomba Leah amrekodi kwenye kompyuta ya kikundi. Akalitengua neno lake, akamwita binti yake kwa jina, akapuliza maji kwa kinywa kama mila inavyotaka laana ikiondolewa. Kwa nini hakusema mwenyewe mbele ya watu akiwa hai? Aibu. Mwanaume mzima kuyameza maneno yake mbele ya wadogo zake, hakuweza.

"Siku ya kuanua matanga," alimwambia Leah, "ukoo wote ukikaa, wasikie kwa mdomo wangu."

Sasa Leah alikuwa analia kwenye simu. "Kompyuta ilisema imejaa. Nikaendesha Fagio kama ulivyonielekeza. Iliponiuliza kuhusu neno la Mzee, nikabonyeza n. N, kaka! Nilikataa!"

Aliko akaelewa palepale. Leah alisomea kompyuta Mbeya, kwa Kiingereza, ambako n ni "no" na y ni "yes", na vidole vyake vilikwisha zoea hivyo. Takataka zote alizojibu y, Fagio haikuelewa, ikaziacha zilivyo. Kilichofagiwa ni kile kimoja alichokikataza.

Alijua na jambo la pili. Faili likifutwa halitoweki saa hiyohiyo. Kompyuta ikizimwa mapema, mtu anayejua anaweza kulifukua. Lakini ilibidi aende mwenyewe Igamba, na akienda wangemzunguka, na wakimzunguka wangeuliza kosa ni la nani.

"Umebonyeza vibaya, dada," alisema. "Fagio haina kosa. Wewe endelea na kazi, hilo limeshapotea."

"Hakuna namna kabisa?"

"Hakuna."

Akakata simu, akanywa chai yake.

Siku ya matanga, Enesi alifika na mumewe, akaketi nje kabisa, mwanzo wa mibuni, kwa sababu hakuthubutu kuingia uani. Leah alisimama mbele ya ukoo akasema sauti haipo. Akaulizwa imekwenda wapi. Akaeleza habari za n na h, na watu wakatazamana. Ndipo shangazi mmoja akanong'ona, kwa kile kinong'ono cha kusikika na wote, kwamba sauti ya marehemu haipotei. Humezwa. Na anayemeza sauti za watu huitwaje? Hadi jua linazama, Leah alikuwa amekwisha pata jina, na uchawi ni jina lisilofulika.

Aliko alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la vijana. Leah alimtazama mara moja tu, akasubiri. Aliko akainamia simu yake kama anasoma ujumbe. Hapakuwa na ujumbe wowote.

Watu wakamwaga majivu mlangoni kwa Leah. Watoto wakamrushia mawe akienda kisimani. Mwishowe akafunga mizigo, akavuka mpaka kwenda Nakonde. Naye Aliko, aliporudi Vwawa, alilitengeneza kosa kimyakimya: kuanzia hapo Fagio ingedai neno zima, ndiyo au hapana. Kwenye maelezo ya mabadiliko akaandika, "Nimesahihisha tahajia." Tahajia! Wenzake wa ng'ambo wakampongeza. Alisoma pongezi zile huku uso ukimwaka, akafunga kompyuta.

Alipoifungua tena, kulikuwa na taarifa mpya ya kasoro. Haikuwa na jina la mtumaji. Ilikuwa na mstari mmoja.

"Neno langu liko wapi?"

Ni Leah huyu, alijiambia. Akaifunga taarifa, akaweka alama kwamba si kosa. Akaufungua ukurasa upya. Taarifa ilikuwa wazi. Akaifunga tena. Ilikuwa wazi, na chini yake sasa kulikuwa na kiambatisho cha sauti. Hakukigusa, na hilo angeweza kuliapia hata kanisani. Kilianza chenyewe.

Kikohozi. Kikavu, kirefu, kinaishia na mguno. Aliko alikifahamu tangu utotoni. Ndicho kilichokuwa kikitangulia uani kwao kabla Mzee Yonathani hajapiga hodi.

Akazima spika. Akaenda dirishani kutazama barabara, malori yakipita, wauza ndizi wakikimbizana na mabasi, jua kali la mchana. Akajiambia ni uchovu. Akamrekodia mama yake ujumbe kwenye simu, kumsalimia na kumwambia wiki hii hataweza kwenda. Haukupita muda mama akapiga.

"Aliko, mbona hukusema kitu? Nasikia mtu anakohoa tu. Una mgeni?"

"Niko peke yangu, mama."

Mama akashusha sauti.

"Mwanangu. Amekohoa tena sasa hivi. Nyuma yako."

Aliko aligeuka. Palikuwa na ukuta, na koti lake kwenye msumari. Koti lilikuwa linayumba.

Akafungua video zake za zamani. Mahafali. Harusi ya rafiki yake, akiwa ameshika kipaza sauti. Midomo yake ilikuwa inacheza, watu wanacheka, ila sauti yake haikuwepo. Mahali pa sauti yake palikuwa na pumzi za mtu mzee. Akafungua nyingine. Pumzi. Nyingine. Pumzi, karibu zaidi na kipaza sauti.

Kesho yake, kazini Tunduma, dereva mmoja alimsalimia. Aliko alifungua kinywa aitikie. Akakohoa. Akajaribu tena. Akakohoa, kikavu, kirefu, akaishia na mguno. Dereva akamtazama mtu aliye mbele yake, kijana wa miaka ishirini na kitu, kisha akatazama nyuma yake, kama anamtafuta aliyekohoa.

Angeweza kuandika. Hilo alilijua, na lilimtesa kuliko kikohozi chenyewe. Alikuwa na simu, alikuwa na vidole. Aliandika, "Wazee wangu, kosa ni langu," akafuta. Akaandika tena, akafuta. Aliwaza mama yake atatembeaje sokoni. Aliwaza yale makofi. Mwishowe akajidanganya kwamba akimwomba Leah radhi peke yake, faraghani, itatosha. Basi akavuka mpaka.

Alimkuta Leah kwenye vibanda vya Nakonde, katikati ya kelele za mchana, akiuza salaula, kama wanavyoita mitumba upande ule. Alikuwa amekonda. Alipomwona, hakuinuka.

"Umefuata nini, Aliko?" Lile neno kaka halikuwepo tena.

Aliko akafungua kinywa.

Kikohozi.

Blauzi ikamponyoka Leah mkononi. Alimtazama Aliko kinywani, si machoni. Kisha taratibu, palepale kwenye vumbi, akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Leah."

Aliko hakulisema. Ulimi ulikuwa wake, ila ulijiendea. Alitaka kuushika kwa mkono, na mkono haukunyanyuka. Leah alipapasa ndani ya mfuko wa aproni, akatoa simu, akaiwasha irekodi.

"Mzee," alinong'ona. "Waambie. Mimi nililifuta?"

"Hukulifuta. Ulikataa."

"Nani, basi?"

Hapa ndipo pa kumwonea Aliko huruma, au pa kumchukia, chagua mwenyewe. Alibana meno. Mtu amepoteza sauti, amevuka mpaka kuja kuungama, mwenzake amepiga goti mavumbini, na bado alibana meno. Alibana hadi taya zikalia. Kinywa kikafunguka.

"Aliko. Huyu wa jirani yangu. Alijua siku ileile."

Kisha sauti ikamwita Enesi kwa jina lake la utoto, ikalitengua lile neno la zamani, mstari kwa mstari, bila haraka. Ikamaliza kwa kupuliza. Maji yalimtoka Aliko kinywani yakalowesha nguo zote zilizotandazwa mbele yake, maji baridi ya kisimani, naye hakuwa amekunywa kitu tangu asubuhi.

Sauti ikamwachia. Akahisi koo lake limekuwa lake tena. Na unajua neno lake la kwanza, kwa sauti yake mwenyewe, lilikuwa nini? Hakuomba radhi.

"Dada Leah," alisema, "tafadhali usiipeleke."

Leah alifuta goti lake, akaanza kukunja nguo zilizolowa. Aliko alisimama pale muda mrefu, watu wakimpita na kumpiga vikumbo, na tangu azaliwe hakuwahi kujiona mdogo namna ile.

Ikapelekwa. Ukoo ulikaa, Leah akaiweka simu juu ya kigoda, na sauti ya Mzee Yonathani ikatoka. Enesi aliingia uani kwa baba yake akiwa analia kwa sauti. Yule shangazi aliyenong'ona alijifunika kitenge usoni. Sauti ilipotaja jina la Aliko, mama yake, aliyekuwa mstari wa mbele na akina mama wengine, aliinuka, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka bila kumwangalia mtu. Hakuna aliyemwita.

"Ni kweli?" mdogo wake Mzee akamuuliza Aliko, aliyekuwa ameitwa kikaoni.

"Ndiyo," alisema Aliko. Lilikuwa neno zima, na alilisema akitazama miguu yake.

Mambo yangeishia hapo, na sisi majirani tungeyasahau polepole, kama Enesi asingeomba kubaki na sauti ya baba yake. Walipokuwa wanaihamisha kwenye simu yake, mumewe akauliza mbona hazisikiki kelele za soko. Wakasikiliza tena, wote, vichwa vimegusana. Kweli hazikuwepo. Kulikuwa na mvua inapiga bati, kiti kinasogezwa, na sauti ya Leah, tulivu, ikisema, "Sema tu, Mzee, inarekodi."

Leah aliikumbuka mvua ile. Ilinyesha siku Mzee alipokuja ofisini. Wakatazama tarehe ya faili, na ilikuwa ya siku hiyohiyo, kwenye simu ambayo Leah aliinunua Nakonde baada ya kufukuzwa. Siku hiyo Mzee Yonathani alikuwa hai na Fagio ilikuwa haijagusa kitu. Aliko alikuwa hajamkosea mtu yeyote, na jina lake lilikuwa limekwisha tajwa na Mzee.