Flashi Iliyogoma Kuwasha Kompyuta

Asubuhi katika duka la Mama Kamera huanza kwa ufagio. Yeye hufagia, mumewe hupangusa vumbi kwenye kompyuta, na wote wawili hubishana ni nani aliyeacha vikombe mezani. Mama Kamera hurekodi video za harusi. Mumewe huwawekea watu nyimbo kwenye flashi, kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Mtaa mzima unamwita Baba Nyimbo. Kwa kunakili nyimbo mkono wake ni mwepesi, na yeye mwenyewe hachoki kulisema hilo.

Siku hiyo kompyuta yao ilikataa kuwaka. Kioo kilibaki cheusi, na juu yake mstari mmoja mweupe wa maandishi. Mstari ulisema kwamba mfumo wa kuendesha kompyuta haukuonekana.

Mama Kamera alikaa chini taratibu.

"Video ya harusi imo humo," alisema.

"Si iko pia kwenye kadi ya kamera?"

"Kadi niliifuta juzi, nikarekodia sherehe nyingine."

Video hiyo haikuwa ya mchezo. Baba wa bibi harusi alikuwa amepooza, akakaa kwenye kiti cha magurudumu miaka miwili. Siku ya harusi aliinuka, akatembea hatua chache kumwendea binti yake, kisha akarudishwa kitini. Ukumbi mzima ulitoa machozi. Sasa binti huyo alikuwa anasafiri kesho yake kwenda kufanya kazi mbali. Saa kumi jioni angepita na baba yake kuichukua video. Angewaambia nini watu wale?

"Tulia, mke wangu," alisema Baba Nyimbo. "Hapa inatakiwa flashi ya kuiwashia, na flashi ndiyo kazi yangu."

Alichukua laptopu yao ya zamani, akapakua faili la mfumo mpya kutoka kwenye mtandao. Akalinakili kwenye flashi kama anavyonakili nyimbo. Akaichomeka kwenye kompyuta, akawasha. Kioo kilikuwa cheusi. Akaitoa, akaipangusa kwa shati, akaichomeka tena. Cheusi vilevile. Akajaribu flashi ya pili, ya tatu, ya nne. Ilipofika saa sita mchana alikuwa na flashi tano mezani na jasho shingoni.

"Mpigie dada yako," alisema Mama Kamera.

"Dada atanicheka mwaka mzima."

"Acheke. Mimi nataka video."

Dada yake alikuwa fundi wa kompyuta katika chuo cha jirani. Alifika saa saba, mkoba begani. Alimsalimu Mama Kamera kwanza.

"Wifi, huyu amekuharibia nini tena?"

"Leo kosa ni langu pia, wifi. Nilifuta kadi."

"Haya. Na wewe, mdogo wangu, umefanya nini? Sema yote, usinifiche."

Baba Nyimbo alieleza. Dada yake alicheka mpaka akashika meza.

"Umeufanya mfumo kama wimbo," alisema. "Wimbo ukiunakili tu, unaimba. Mfumo hauko hivyo. Faili hilo ni kama kitanda kilicholetwa vipande vipande ndani ya boksi. Umeliweka boksi chumbani, ukajilaza juu yake. Kuna programu maalumu ya kufungua faili hilo na kuupanga mfumo kwenye flashi. Bila hiyo, flashi haiwashi kitu."

"Na hizi flashi zangu tano?"

"Una maboksi matano."

Mama Kamera alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Fundi aliangalia kwanza ukubwa wa faili. Ulilingana na ule ulioandikwa kwenye tovuti.

"Vizuri. Faili likikatika wakati wa kupakua, utahangaika bure," alisema. "Sasa nipe flashi. Lakini jua kwamba programu hii itafuta kila kitu kilichomo."

Baba Nyimbo aliirudisha haraka ile aliyoishika. Ilikuwa na nyimbo za kwaya. Akatoa nyingine, isiyo na kitu cha maana.

Programu ilifanya kazi yake kwa dakika chache. Wakaichomeka flashi kwenye kompyuta, wakawasha. Kioo kilikuwa cheusi.

"Basi, imekufa," alisema Mama Kamera.

"Bado, wifi. Tusibahatishe. Tujue kwanza mgonjwa ni nani, flashi au kompyuta."

Fundi aliijaribu flashi ile kwenye laptopu. Mfumo mpya ukatokea, unang'aa. Flashi ilikuwa nzima. Akarudi kwenye kompyuta, akaufuata waya kwa kidole mpaka kwenye kidude chenye matundu saba, walimoichomeka flashi.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha wateja," alisema Baba Nyimbo. "Nachomeka flashi saba kwa mpigo."

"Kwa nyimbo ni sawa. Lakini kompyuta nyingine zikianza kuwaka huwa hazioni kilichochomekwa hapa. Ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, kule nyuma. Halafu kuna jambo jingine. Kompyuta ikiwaka hutafuta mfumo kwenye diski yake ya ndani. Ni lazima uiambie itafute kwenye flashi. Washa, kisha bonyeza kitufe cha F12 mara kadhaa, usisubiri. Nyingine hutumia F9 au Esc. Soma maandishi yanayopita kwenye kioo, yatakuambia."

Baba Nyimbo alibonyeza. Orodha fupi ikatokea, na jina la flashi lilikuwamo. Akalichagua. Kioo kikajaa rangi, na maneno mawili yakajitokeza: Jaribu, na Sakinisha. Mkono wake mwepesi ulikimbilia Sakinisha. Dada yake akaudaka.

"Hapo utaandika mfumo mpya juu ya diski, na harusi itafutika. Bonyeza Jaribu. Kompyuta itatumia flashi tu, na kwenye diski hatutaandika chochote."

Alibonyeza Jaribu. Wakafungua diski ya ndani. Folda ya harusi ilikuwa pale pale, nzima. Mama Kamera alimkumbatia wifi yake huku anacheka na kulia. Wakainakili video kwenye diski mbili za nje. Kisha Mama Kamera alichukua kalamu, akaandika karatasi, akaibandika ukutani: "Kadi haifutwi kabla video haijawekwa mahali pawili." Na Baba Nyimbo akaandika "ya kuwashia" kwenye ile flashi, akaifungia kwenye droo.

Saa kumi kamili bibi harusi aliingia, anasukuma kiti cha baba yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Kamera.

"Marahaba. Niwekee pale niliposimama. Watu wanasema nilitembea. Mimi sikumbuki vizuri, nadhani wananifariji."

Mama Kamera aliweka. Mzee alijiona anainuka. Alianza kuhesabu kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja havikutosha. Zilikuwa hatua tisa. Binti yake alimshika bega, na mzee akaufunika mkono ule kwa wake.

"Tisa," alisema mzee. "Mama, mwanangu akirudi likizo, njoo na kamera yako. Zitakuwa ishirini."