Kitambaa cha Kilimani Kwenye Kochi la Mama Mkwe

Mtaani walimwita Sponji. Alikuwa fundi wa makochi, na vipande vya sponji vilimganda hata kwenye nywele. Akikaribishwa kiti kwako, hakai tu kama watu. Kwanza anakibonyeza, kisha anakipapasa, halafu anachungulia chini yake kama daktari. Mkewe alishakoma kwenda naye ugenini.

Kazi ya makochi ilipodorora, Sponji alipata kibarua kwenye dampo la zamani. Taka zilikuwa zimemwagwa pale miaka na miaka hadi zikawa kilima. Sasa dampo lilikuwa limejaa na lilikuwa linafungwa. Chini kabisa ya kilima ilikuwepo nyumba ya mama mkwe wake. Choo chake cha nje kilikaribia kugusana na mteremko.

"Kilima kile kikishuka, kitaanzia kwangu," mama mkwe alimwambia. "Wewe uko huko juu, baba. Nakutegemea."

"Usiwe na wasiwasi, mama," Sponji alijibu. "Nitakiangalia kama mali yangu."

Kazi aliyopewa ilimfaa. Taka zilikuwa zimeshafunikwa kwa udongo, na juu yake plastiki nene. Juu ya plastiki walitandika mikeka mirefu ya kupitishia maji. Kila mkeka ulikuwa na wavu mgumu wa plastiki katikati, na kitambaa kizito cheupe juu na chini. Sponji alipewa mashine ya mkono. Kazi yake ilikuwa kushona vitambaa pale mkeka mmoja ulipokutana na mwingine. Mwisho ungemwagwa udongo, na nyasi zipandwe.

"Hili ni godoro," Sponji alisema akiupapasa mkeka. "Tatizo lake halina sponji."

"Si ndiyo maana wamekuleta wewe," wenzake wakamjibu.

Lakini kitambaa kile kilimnyima raha. Kilikuwa imara, kizito, hakichaniki kwa mkono. Na kinakwenda kuzikwa. Sponji alikitazama kama mtu anayemwona mchumba wake akiolewa na mwingine.

Nyumbani kwa mama mkwe kulikuwa na kochi bovu. Ukilikalia, ulifika sakafuni kabla hujamaliza kusalimia. Sponji aliahidi kulitengeneza tangu alipooa, na mama mkwe hakuwa mtu wa kusahau.

Basi siku moja wenzake walipokwenda kula, Sponji alibaki kilimani na kisu chake. Alibandua kitambaa cha juu kwenye kona moja, akakata vizuri, akajizungushia tumboni ndani ya shati.

"Cha chini kipo, na wavu upo," alijifariji. "Kilima hakisikii baridi."

Udongo ukamwagwa juu ya kona ile. Mkewe alipomwona mlangoni, alisema, "Asubuhi umetoka mwembamba. Huko kazini mnakula nini?"

Kochi likatengenezwa. Mama mkwe alikaa, akajirusha kidogo, akajirusha tena. Kisha akatamka kwamba binti yake, kwa kweli, hakukosea sana. Sponji hakuwahi kusifiwa hivyo tangu siku ya harusi.

Halafu mvua ikaja. Ilinyesha kutwa, ikanyesha tena kesho yake. Asubuhi ile mama mkwe aliingia chooni. Akiwa ndani, akasikia kishindo, na mlango ukagoma kufunguka. Kipande cha mteremko kilikuwa kimeporomoka, na tope limeuegemea mlango.

Sponji na mkewe walifika mbio na sepeto.

"Mama, uko humo ndani?"

"Ulitaka niwe wapi? Chimba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chimba."

Msimamizi wa kazi za dampo, mama mmoja mwenye buti kubwa na maneno machache, alifika na wafanyakazi wake. Walimtoa mama mkwe mzima, ila akiwa na hasira tele. Yule msimamizi akapanda kilimani, akafukua kidogo kwa mkono, akarudi chini. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi akipumua.

"Nieleze," alisema. "Mlisema kilima kimefungwa. Mbona kimenifungia mimi?"

Msimamizi aliomba sinia, udongo na maji. Akaweka udongo juu ya sinia, akaliinamisha, akamwagia maji. Udongo ulilowa, ukawa mzito, ukateleza wote sakafuni.

"Sinia ndiyo ile plastiki," alisema. "Tunaitandika ili mvua isiingie kwenye taka. Ikiingia, inatoka maji meusi yanayoharibu visima. Lakini maji yakizuiwa lazima yapewe njia. Zamani tuliweka kokoto. Kokoto ni nzito, na malori yanapata shida kupanda mteremko. Siku hizi tunatumia mkeka. Mvua inapita kwenye udongo, inaingia kwenye wavu, inateremka hadi kwenye bomba na mfereji ulio chini. Udongo haulowi kupita kiasi, na hauporomoki."

"Na kitambaa?" aliuliza mke wa Sponji.

"Kitambaa ni kichujio cha chai. Kinapitisha maji, kinazuia udongo. Ukikitoa, udongo unajaza wavu, na maji hayana pa kwenda. Pale juu, mtu amekitoa."

Sponji akaanza kuchunguza dari.

"Amekata vizuri sana, kama fundi," msimamizi aliendelea. "Lakini sijui ameishia wapi, maana udongo umefunika. Na wingu lile linakuja. Nikikosea pa kufukua, safari hii tope halitaishia chooni. Litaingia humu sebuleni."

Sponji alimtazama mama mkwe. Alilitazama wingu. Sifa zake zote zilikuwa chini ya yule mama, zimekaliwa.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "naomba usimame kidogo."

Alilipindua kochi, akang'oa misumari, akatoa kitambaa cheupe. Akakitandaza sakafuni. Akafuata mto wa kochi, akaufumua, nao ukatoa kipande kingine.

"Hapo bado kona moja," msimamizi alisema akitazama.

Mke wa Sponji alijitazama kiunoni, akaifungua taratibu aproni yake, aliyoshonewa na mumewe kwa masalio ya kitambaa kilekile. Ilienea pale pale.

"Kumbe siku zote nilikuwa nimekalia kinga yangu," mama mkwe alisema.

"Nyuma ya stoo kuna rundo la vipande vilivyobaki," msimamizi alimwambia Sponji. "Ungeniomba, ningekupa ukachoka kubeba."

Walipima ukubwa wa pengo la mkeka kwa kitambaa cha kochi. Chenyewe hakikufaa kurudi, kilikuwa na matundu ya misumari. Walifukua mahali palepale, wakatoa wavu uliojaa tope, wakaweka mkeka mpya unaolalia ule wa zamani pande zote. Nyavu wakazifunga pamoja. Sponji akashona mara mbili. Msimamizi alivuta mshono kwa nguvu zake zote, na haukuachia. Ndipo udongo ukarudishwa.

Mvua ilipoanza tena, mama mkwe alimpa Sponji mwavuli.

"Nenda kakae chooni."

"Sina haja, mama."

"Sijakuuliza haja. Nenda."

Sponji alikwenda. Mama mkwe alisogeza kochi mlangoni, likiwa limeshonewa magunia, akakaa kuangalia. Mvua ilipiga. Kilima kilitulia. Kisha bomba la chini likaanza kutoa maji, kidogo kidogo, halafu kwa wingi, meupe kabisa, yakaingia mfereji na kwenda zake.

"Mama," sauti ilitoka chooni, "yanatoka?"

"Yanatoka vizuri, baba. Hongera."

"Basi na mimi nitoke?"

Mama mkwe alitazama juu, akajiegemeza vizuri kwenye kochi lake.

"Bado inanyesha."