Uso Uliokimbia Kwenye Kitambaa

Hapa Antsirabe hakuna anayejua mambo ya picha kunishinda. Simu yangu ina picha mia mbili nilizopiga mwenyewe. Mia na tisini ni za kidole changu.

Agosti ile tulikuwa tukijiandaa kumtoa mume wangu, Ralambo, kaburini tumvishe hariri mpya, kama ilivyo desturi yetu kwa wafu. Miaka saba amelala na baridi. Shemeji yangu Ndriana alichapisha kitambaa kikubwa cha kutangulia msafara. Kilikuwa na uso wa Ralambo, jina lake, na kichwa cha ng'ombe, alama ya ukoo.

Tukakitundika kwenye roshani, jua likiwaka. Ukisimama mbali, ni Ralambo. Ukimsogelea, anaondoka. Macho yanageuka miraba midogo ya kijivu. Mdomo unameguka. Hatua moja tena, hayupo. Mbwa wetu alimtazama, kisha akarudi nyuma kimyakimya.

Wifi Razay, mkubwa wa ukoo, akashusha sauti.

"Mdogo wangu amejificha. Hataki tumguse. Kaburi halifunguliwi."

"Wifi, zimebaki siku tatu. Wageni wako njiani."

"Mpaka nimwone macho."

Nikakikunja kitambaa, nikakipeleka kwa Voahirana, binti anayechora mabango sokoni. Niliogopa kukibeba huku uso wake ukiwa mgongoni kwangu.

"Bibi, picha hii mliitoa wapi?"

"Ndriana aliikata kwenye picha ya kitambulisho, akaituma kwa simu."

"Basi babu hajakasirika. Amevutwa tu. Picha ya kamera ni vitone vingi, kama ukili kwenye mkeka. Ukiuvuta mkeka, huongezi ukili. Unaongeza mashimo."

"Na pembe za ng'ombe, mbona zina meno kama msumeno?"

"Nazo zilipigwa picha. Alama na majina huchorwa kwa mistari. Hapo kompyuta haitunzi vitone. Inatunza maelekezo: anzia hapa, pinda pale. Ukitaka pembe ndogo kama kifungo au kubwa kama nyumba, inachora upya. Haziharibiki."

"Basi mchore na Ralambo kwa mistari."

"Naweza, lakini atakuwa kibonzo. Uso wa mtu una vivuli vingi. Uso uache kwenye vitone, ila viwe vingi tangu mwanzo. Hamna picha ya karatasi, kubwa na safi?"

Ninayo. Huwa nalala nayo chini ya mto. Nikamletea, akaipitisha kwenye mashine ya kunakili, akaitaka kompyuta isome kila kitone. Pembe na jina akavichora kwa mistari.

Siku ya tatu tukatundika kitambaa kipya. Nikasogea, nikasogea tena. Ralambo hakuondoka. Alinitazama mpaka nikajifunga kanga vizuri. Wifi Razay akamgusa kope.

"Fungueni kaburi," akasema.

Wageni wakakisifu kitambaa. Ndriana akatanua kifua.

"Picha hiyo niliipiga mimi, wiki yake ya mwisho. Nilikuwa naye peke yangu."

Wifi Razay alikuwa bado amebandika pua kwenye kitambaa. Nyuma ya Ralambo kulikuwa na dirisha, na ndani ya kioo alisimama mtu mdogo aliyeshika kamera. Kwenye karatasi hatukuwahi kumwona. Sasa alionekana mpaka vidole.

"Ndriana," Wifi akasema taratibu, "siku hiyo ulivaa gauni la shemeji yako, ukaazima na matiti yake?"